Mwalimu Aliyesema Shamba Linatembea

Sikumpenda, na sitaanza kumpenda leo kwa sababu tu amezeeka. Wengi waliosoma kwake wakikutana mjini Kitale humkumbuka kwa kicheko, vile alivyokuwa mkali, vile alivyotutesa, na vile mwishowe wote tulipita Jiografia. Mimi sicheki nao. Kuna mtu alikufa kwetu mlimani, juu ya Chwele, na kwa miaka sita niliamini kwamba mwalimu wa Jiografia ndiye aliyemwua kwa kunyamaza. Sikuamini kimya kimya. Niliwaambia watu.

Alikuwa mrefu na mkavu, na sikumbuki kumwona bila koti lake la kijivu lenye mifuko minne. Mfuko mmoja ulikuwa wa chaki, wa pili wa kipimapembe cha plastiki kilichovunjika ncha, wa tatu wa uzi wa katani, na wa nne wa kijitabu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Alitufundisha kwa Kiingereza kama sheria ilivyotaka, lakini alitukana kwa Kiswahili. Ukimsikia amebadili lugha katikati ya sentensi, ulijua kuna mtu ameisha.

Ole wako useme mbele yake kwamba jua limechomoza.

"Limechomoza kutoka wapi? Lilikuwa limelala kwenu?" angekuuliza. "Jua halina haja na wewe. Ni wewe unazungushwa, wewe na mama yako na ng'ombe wenu, zaidi ya kilomita elfu moja mia sita kila saa, na bado unachelewa darasani."

Hakuwa na adabu hata mbele za Mungu. Jumapili moja mhubiri mgeni alimshukuru Mola kwa kulichomozesha jua lake juu ya wema na wabaya, na mwalimu, aliyekuwa ameketi benchi la nyuma pamoja na wanafunzi wa bweni, akakohoa kwa nguvu mpaka mhubiri akanyamaza na kuuliza kama kuna mtu anataka maji. Sisi tuliojua kikohozi kile tuliinamisha vichwa tukacheka. Mhubiri hakurudi tena shuleni kwetu.

Adhabu yake aliibuni mwenyewe. Tuliiita kusimama kidunia. Ukikosa swali la majira ya mwaka, alikuita mbele, akachomoa kile kipimapembe, akakuinamisha upande mmoja kwa nyuzi ishirini na tatu na nusu, jinsi mhimili wa dunia ulivyoinama, ukae hivyo mpaka kipindi kiishe. Mikono kiunoni, miguu pamoja. Ukijaribu kujinyoosha alisema bila kugeuka kutoka ubaoni, "Dunia imenyooka. Sasa hakuna kiangazi wala baridi Uingereza. Watu watakufa njaa kwa sababu yako."

Mimi nilisimama kidunia kwa vipindi viwili vilivyofuatana, nikiwa kidato cha tatu, kwa kuandika kwamba Julai huwa na baridi kwa sababu jua limeenda mbali. Wavulana walinicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye dawati. Nilirudi nyumbani kiuno kikiwaka. Sikwenda kwa mama yangu, ambaye angesema nimekosea na nimestahili. Nilishuka kwa mama mdogo, mke wa ndugu mdogo wa baba, aliyekaa shamba lililo chini ya letu. Alinilaza kwenye mkeka, akanikanda kwa kitambaa cha maji moto, huku akimwapiza mwalimu kwa majina yote ya wanyama wa mwituni aliyoyajua.

"Huyo mutu anafaa ainamishwe yeye," alisema. "Ainamishwe hivyo mpaka azikwe akiwa hivyo."

Nilimpenda mama mdogo kuliko ninavyoweza kuandika. Ndiye atakayekufa katika habari hii, nami naona heri uijue mapema.

Mwalimu alijaa mambo yasiyopatana. Mtu yuleyule aliyetuambia tunarushwa angani kila saa bila hata kuhisi, yeye mwenyewe hakuweza kupanda gari hadi Chwele bila kutapika, kwa hiyo alitembea kwa miguu, kilomita na kilomita, koti likipepea. Alitufundisha kulima kwa kukinga maji, matuta yakatize mteremko, lakini kijishamba chake cha sukumawiki nyuma ya nyumba ya walimu alikilima kutoka juu kwenda chini, na kila mvua iliondoka na robo yake. Tulipomwonyesha alisema, "Shamba si langu, ni la shule." Alidharau ushirikina wote, lakini thubutu kuruka uzi wake wa kupimia! Alikurudisha uuruke tena kwa kurudi nyuma.

Tena hakuwa mtu wa kwetu. Wazazi wake walitoka mkoa wa kati wakanunua ardhi Trans-Nzoia, na yeye alizaliwa huko, tambarare kwenye mahindi, ambako ukidondosha chungwa linabaki palepale. Kwa nini mtu wa tambarare aipende hivyo miteremko, sijui. Labda kwa sababu hakuwahi kulala juu ya mmoja. Aliutazama mlima wetu jinsi wanunuzi wanavyomtazama ng'ombe wa mtu mwingine, na hilo pia nilimchukia kwalo. Alipenda kusema kwamba Elgon ni volkano iliyozimika, kwamba tunakaa juu ya majivu yaliyooza, na kwamba bara lenyewe linapasuka kule Bonde la Ufa polepole kuliko kucha zetu zinavyokua. "Kila kitu kinakwenda," alisema. "Nyinyi tu ndio mmekaa."

Siku moja alitutoa nje tukapande kilima kilicho nyuma ya shule. Akatuonyesha miti iliyopinda shinani, kama imepiga goti, kisha ikainuka wima. Akauliza kwa nini. Hakuna aliyejibu, tuliogopa kipimapembe. Akasema udongo wa mteremko hushuka, kidogo kidogo, kila mvua ukilowa na kila jua ukikauka, hauna kelele, humwoni anayeusukuma. Mti unasukumwa ukilala, nao unatafuta mwanga ukisimama, basi unapinda. Nguzo hazijui kutafuta mwanga, kwa hiyo zenyewe hulala tu.

Nikasema kabla sijafikiri, "Mwalimu, mkonge wetu wa mpakani uko hivyo."

Aligeuka akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama bila kutafuta kosa.

Mpaka huo ulikuwa kati yetu na baba mdogo. Babu aliugawa mteremko alipohisi anaondoka: wa juu kwa baba, aliye mkubwa, wa chini kwa mdogo wake. Ndugu wawili walishika kamba, huyu mwisho huu na yule mwisho ule, babu akasimama katikati, na mkonge ukapandwa ukifuata kamba, umenyooka sawasawa. Kwetu kung'oa mpaka ni laana. Hata mkonge ukilala au kufa, hauguswi mpaka pande zote mbili ziwepo.

Baba hakuung'oa. Alichofanya kila mwaka kabla ya kupanda ni kuuinua ulipolala, akaushindilia udongo shinani, ili shamba lionekane la mtu mwenye heshima. Alifanya hivyo peke yake, asubuhi, kwa nia njema. Baada ya miaka mingi mpaka ukawa na tumbo. Kwenye ncha zote mbili ulikuwa palepale, lakini katikati ulikuwa umeshuka hatua kadhaa ndani ya shamba la baba mdogo. Na kwa kuwa kila mkonge ulikuwa umesimama wima, vizuri kabisa, ulionekana kama uliohamishwa na mtu usiku.

Mwalimu alikuja Jumamosi na uzi wake. Alitembea mpakani, akatingisha kichwa, akamwambia baba, "Kila mwaka unafuta jibu." Baba hakumwelewa. Kisha akapanda juu zaidi, kwenye malisho ya nyumba zote mbili, ambako kulikuwa na ufa uliopinda kama upinde, upana wa kiganja. Watoto waliuruka wakicheza. Baba mdogo alikuwa ameujaza migomba na udongo ndama wasivunjike miguu. Mwalimu alifukua udongo ule kwa fimbo, akapigilia vigingi viwili, kimoja huku na kimoja kule, akapima katikati yao na kuandika. Alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Hakutuambia alichokuwa akikiona. Nilimwuliza akasema, "Soma kitabu chako, Nasimiyu."

Mwezi wa Machi, kabla ya kupanda, baba mdogo alimshtaki baba kwenye baraza. Naibu wa chifu aliketi kwenye kiti, wazee kwenye benchi, sisi wengine nyasini. Baba mdogo alisimama.

"Hii mpaka ilinyooka. Mimi nirishika kamba, yeye akashika kamba, mzee akiwa hapo. Sasa imefura tumbo inaingia kwangu. Nani ameisukuma? Ati ni mimi nirijiibia?"

Nilikuwa nimemwomba mwalimu aje. Nilimwomba nikiwa nimepiga magoti karibu na mlango wa ofisi ya walimu, mimi niliyemchukia, kwa sababu ndugu wawili walikuwa wanaachana na nilijua yeye ana maneno ya kuwapatanisha. Alikuja, akasimama na koti lake, akasema, "Hakuna aliyeusukuma. Shamba limetembea lenyewe."

Mzee mmoja akasema, "Ati shamba imetembea? Inaenda wapi, soko ya Chwere?"

Baraza lilipasuka kwa kicheko. Naibu wa chifu alitoa leso akajifuta machozi. Mzee akaona amependwa, akaendelea: "Mwarimu, wewe umekuja juzi kutoka huko kwenu. Sisi tumezariwa hapa. Hata siku moja hatujakutana na shamba ikipita njia."

Angeeleza. Alikuwa na kijitabu mfukoni, alikuwa na miti yenye magoti hatua mia kutoka pale. Mtoto wa darasa la nne angeelewa. Lakini mwalimu alizoea watu wanaomwogopa, na kicheko hakukijua. Nilimwona akibadilika rangi.

"Watoto wenu wana akili kuwashinda," alisema. "Na wao hawana."

Hapo baba mdogo akamnyooshea kidole. "Toka! Na usikanyage kwangu tena. Nikikuona kwa shamba yangu na hizo vijiti zako, nitakukata miguu."

"Basi kaeni nayo," mwalimu akasema, akaenda zake. Hakutaja ufa hata kwa neno moja.

Baba aliamriwa aupande mpaka upya kwa kamba. Alikataa, kwa kuwa kukubali kungekuwa kukiri wizi. Tangu siku hiyo ndugu hao hawakusalimiana. Mama mdogo alinipitishia mandazi kwenye mkonge kwa siri, akisema wanaume wakichoka watanyamaza.

Mvua ya Aprili ilianza, ikanyesha bila kupumzika. Siku ya soko, saa tisa mchana, tukiwa darasani, tulisikia kishindo kirefu kama lori linalomwaga mawe, ila hakikuisha. Malisho yalikuwa yameshuka kuanzia kwenye ule ufa. Yalipita ubavuni mwa nyumba yetu bila kuigusa, yakabeba mkonge wote na nyumba iliyokuwa chini. Baba mdogo alikuwa Chwele kuuza ndama. Mama mdogo alikuwa ndani akichemsha maharagwe. Tulichimba kwa majembe, halafu kwa mikono, na tulipomfikia ilikuwa jioni.

Baba alilia mazishini kuliko mwanamume yeyote niliyewahi kumwona. Aliingia kaburini ikabidi avutwe. Alimshika ndugu yake, akamleta kwetu, akampa kitanda chake, na kuanzia hapo wakawa wanakula sahani moja kama walivyokula utotoni. Watu walisema damu ni nzito kuliko maji, na kwamba ndivyo mkubwa anavyopaswa kuwa.

Wiki hiyohiyo nilitumwa ofisi ya walimu kuchukua ramani, nikakuta kile kijitabu kiko wazi mezani. Nilikisoma. Mteremko wetu ulichorwa humo, ufa umechorwa, na kando yake vipimo vya kila Jumamosi, kila kimoja kikubwa kuliko cha juu yake, cha mwisho kimeandikwa siku chache kabla ya baraza. Chini ya vyote aliandika kwa herufi kubwa na kupiga mstari: NYUMBA YA CHINI.

Alijua, na alichekwa, na kwa kuchekwa akaacha mtu afe. Niliondoka bila ramani. Matangani, watu wakiwa wamejaa uani, nilisimama nikasema yote. Wanawake walimwendea shuleni wakiimba na kumrushia matope. Walimwita mchawi, walimwita muuaji, wakamwambia arudi kwao. Alisimama mlangoni pa nyumba ya walimu na koti lake likichafuka, hakujibu neno. Yeye aliyekuwa na jibu kwa kila mtu! Nilichukua ukimya huo kuwa ushahidi. Baba alikuwapo uani niliposema. Aliinamisha kichwa chake, nami nikadhani ni majonzi. Muhula ulipokwisha mwalimu alihamishwa.

Miaka ilipita. Nilipata kazi Kitale katika duka la mbegu na mbolea, mama akafariki, nikamleta baba kukaa nami. Msimu mmoja wa kupanda, duka likiwa limejaa wakulima, nilisikia sauti ikiuliza kwa ukali kwa nini mbegu ya nyanda za juu imewekwa pamoja na ya tambarare. Kabla sijainua macho kiuno kiliniuma.

Alikuwa amekonda zaidi. Alinitambua.

"Nasimiyu. Bado Julai jua huenda mbali?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka sita. Nilimfuata nje, nikamsimamisha kando ya magunia, nikamwambia yote mbele ya watu: kijitabu, vipimo, nyumba ya chini. Nikamwambia alimwua mama mdogo kwa kiburi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anayesikiliza mwanafunzi akikosea.

"Nilimwambia baba yako," alisema.

Nikamwambia asinidanganye.

"Siku ya tatu baada ya baraza. Baba mdogo wako alishanikataza kukanyaga kwake. Nikaenda kwa baba yako. Alinipa chai. Nikamwambia ile nyumba ihamwe kabla ya mvua kukolea, asingoje. Akasema, nimekusikia mwalimu, nitampelekea habari."

"Mbona hukupiga kelele? Mbona hukwenda kwa chifu, shuleni, barabarani?"

"Nilikuwa na hasira. Nilichekwa. Nikajiambia nimeshamwambia mtu mmoja, imetosha." Kisha akaongeza, "Haikutosha. Hilo ni langu, lichukue."

"Na walipokurushia matope? Kwa nini hukusema?"

"Nilisikia wanakula sahani moja. Ningesema, ungebaki na baba mdogo mmoja na panga moja, bila baba. Tena hakuna aliyeniuliza. Wewe ulikuja na jibu."

Hakungoja nimwombe msamaha, nami sikumwomba. Alirudi ndani kugombana na mwenye duka kuhusu mbegu. Bado namchukia. Zamani nilimchukia kwa kunyamaza, na siku ile nilimchukia kwa kusema, maana angeweza kuniachia baba yangu.

Nilirudi nyumbani. Baba alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua mahindi.

"Nimekutana na mwalimu wa Jiografia," nikasema.

Mikono yake ilisimama. Hakuuliza yuko wapi, wala kama ni mzima.

"Amekuambia?"

Nilikaa chini. Nilimwuliza kwa nini. Nilimwuliza mara tatu. Alitazama punje zilizokuwa mapajani mwake.

"Nilikuwa nangoja anisalimie kwanza," alisema. "Mimi ndio mkubwa. Mkubwa hawezi kuenda kwa mlango ya mdogo, na mdogo ndiye amemkosea. Nilisema kesho atakuja tu. Kila siku nilisema kesho."

Hatukuzungumza siku tatu. Nilimpikia, nikamwekea chakula, nikatoka. Jumapili jioni simu yangu ililia, kama inavyolia kila Jumapili. Alikuwa baba mdogo, anapiga kutoka kijijini, sauti yake ikiwa juu kama ya watu wasioiamini simu.

"Nasimiyu! Sasa? Wewe mzima?"

"Mzima, baba mdogo."

"Haya, nipe mkubwa wangu nimsarimie."

Baba alikuwa ananitazama. Nilishika simu kwa muda, baba mdogo akiita, "Haro? Haro?" Kisha nikampa.